Kifaranga Humtaja Baba Yake

Nyie mnaofuga siku hizi mnaletewa vifaranga ndani ya boksi lenye matundu, wote wa njano, wote wamefanana kama watoto wa shule kwenye gwaride. Mnawalisha, mnawauza, mnaagiza boksi lingine. Hamjui mama yao wala baba yao, na wao wenyewe hawajui. Mjukuu wangu mmoja ana banda kubwa kuliko kanisa letu. Nikamuuliza, jogoo wako yuko wapi? Akaniambia, bibi, mimi sina jogoo. Mtu ana banda zima la kuku na hana jogoo, utamwambia nini?

Mimi Gati mshahara wangu ulitoka kwa jogoo. Kazi yangu ilikuwa kuchagua jogoo yupi akae na tetea yupi, na kusema, kabla yai halijapasuka, watoto watatoka na rangi gani. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, kwenye shamba la kuku la misheni nje kidogo ya Bomani, Tarime. Shamba lenyewe halipo tena, pamejengwa nyumba za watu, kwa hiyo msijisumbue kwenda kutazama.

Shambani tulikuwa watatu. Wa kwanza ni Bruda, mtawa Mzungu, mrefu, aliyesomea mifugo kwao, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama rula. Hata kuku alipomdonoa alimwambia "tafadhali". Wa pili ni Mzee Wambura, mtu wa Issenye, aliyefanya kazi miaka mingi kwa walowezi huko Kenya, akarudi na baiskeli, kofia ya ngozi na maarifa ya kuku. Maarifa alikuwa nayo kweli, ila aliyaongezea chumvi kidogo, na siku za gulio aliongeza gunia. Wa tatu ni mimi, msichana niliyeajiriwa kwa sababu niliweza kumshika kuku bila kumkimbiza uwanja mzima. Sifa nyingine sikuwa nayo.

Watu walileta jogoo wao wa kienyeji, wakaondoka na wetu aliye bora. Nyie leo mngeuliza uzito na mayai. Wao waliuliza rangi. Huyu anataka wekundu kwa sababu wanapendeza mbele ya wakwe. Yule hataki weupe, mwewe anawaona tangu mawinguni. Mwingine anataka weusi watupu, na ukimuuliza wa nini anaangalia pembeni, nawe unajua kuna mganga anamngoja. Ukimpa mtu jogoo mwekundu, vifaranga wakatoka weusi, anarudi nao kwenye tenga na kusema misheni wamemtapeli. Kwa hiyo ilibidi tujue.

Bruda alinifundisha kwa maneno machache. Kila kifaranga, alisema, anachukua nusu kwa mama na nusu kwa baba. Rangi mbili zikikutana ndani ya kuku mmoja, mara nyingi moja inasema na nyingine inanyamaza. Iliyonyamaza haijafa. Inakaa ndani kama mgeni aliyelala chumba cha nyuma, na siku moja wajukuu wanafungua mlango wanamkuta. Mzee Wambura yeye alifupisha. Alisema kifaranga humtaja baba yake. Maneno ya Bruda yalikuwa na ukweli zaidi, ya Wambura yalipendeza zaidi, na nyie mnajua watu huchagua yapi.

Umaarufu wa Wambura ulitokana na jogoo wa katekista. Katekista wetu alikuwa na jogoo wa madoa ya kanga, aliyemnunua kwetu, mnyama mzuri ajabu. Jirani zake walilalamika kwamba jogoo huyo anakula wimbi walioanika. Katekista akaapa kwamba jogoo wake hatoki uani, ni jogoo wa nyumba ya sala, ana adabu. Kesi ikafika kwa mzee wa mtaa, naye akamwita Wambura. Wambura hakuuliza habari ya wimbi. Aliomba kila mama wa jirani alete vifaranga wake. Wakaletwa kwenye ungo, weusi, na karibu kila mmoja ana doa jeupe utosini, kama vile mtu amemgusa kwa kidole chenye unga. Basi jogoo wa madoa ya kanga akizaa na tetea weusi, alama yake ndiyo hiyo, na mtaa mzima haukuwa na jogoo mwingine wa namna ile. Wambura akamgeukia katekista, akasema jogoo huyu hatoki uani, lakini inaonekana anahubiri nyumba hadi nyumba. Katekista alilipa wimbi. Jumapili iliyofuata watu walikuwa wanacheka kabla hajafungua kitabu.

Msidhani Wambura hakukosea. Bruda alituonyesha kwamba ukimweka jogoo mweusi na matetea wa madoa ya kanga, vifaranga wa kiume hutoka na doa utosini na wa kike hutoka bila doa. Siku hiyohiyo wanapoanguliwa unajua nani ni nani, hungoji mpaka waote upanga wa kichwani. Wateja walifurahi, kwa maana nani anataka kulea majogoo kumi wanaopigana? Bruda akasafiri. Wambura akaona matetea weusi wengi hawana kazi, akageuza mambo: jogoo wa madoa ya kanga kwa matetea weusi. Nikamuuliza kama ni sawa. Akanijibu kwamba baba na mama ni walewale, umewabadilishia viti tu. Vifaranga wakatoka wote wana doa, jike kwa dume. Wambura akatangaza kwamba msimu huu Mungu ameleta madume matupu, akaanza kuwauza kwa bei ya madume. Baada ya miezi kadhaa, yule "dume" wa mwalimu mmoja alitaga yai juu ya kiti cha wageni. Kwa hiyo shikeni hili: kwa kuku, kiti alichokalia mama na kiti alichokalia baba si kitu kimoja. Na kabla hujabadilisha jogoo, mtenge tetea wiki kama tatu ndipo uweke mayai ya kuatamia, maana anabeba mbegu ya yule wa kwanza muda mrefu, hata kama yule wa kwanza ameshaliwa kwa ugali.

Na yule wa rangi ya majivu msimhangaikie. Ukioanisha majivu na majivu utapata majivu, lakini utapata pia weusi, na wengine weupe waliochafukachafuka kama waliopita jikoni. Ukitaka majivu watupu, chukua mweusi na huyo aliyechafuka. Hakuna anayeamini mpaka aone.

Sasa niwaambie habari ya Chacha, maana ndiyo iliyonifanya niwe mwangalifu na mdomo wangu.

Chacha alikuwa mfugaji kijana, mwenye ng'ombe wazuri na mama mkali. Yeye ni mweusi kama chungu. Mkewe Robi, binti wa kijiji cha Mbalibali, naye ni mweusi kama chungu. Robi akajifungua mtoto wa kiume, na yule mtoto, badala ya kukoza siku zilivyoenda, akabaki mweupe, maji ya kunde kabisa, nywele zina wekundu. Mama Chacha akaanza kumtazama mtoto kama anavyotazama maziwa yaliyolala. Hakusema jambo. Alikuwa anauliza tu, kila mgeni akija, kwamba hivi kwenu mmewahi kuona hivi? Mwisho Chacha akaacha kula chakula cha Robi. Robi akahamia na mtoto kwenye kibanda kando ya ghala. Alilima, alipika, na hakuna aliyezungumza naye.

Siku moja ya gulio Wambura alikuwa akinadi majogoo wetu, akatoa maneno yake yaleyale: nileteeni kifaranga yeyote, nitawatajia baba yake. Chacha alikuwepo. Kesho yake asubuhi akaja shambani kwetu, nyuma yake mama yake, na nyuma kabisa Robi na mtoto. Akamwamkia Wambura shikamoo, Wambura akaitikia marahaba, akidhani wamefuata jogoo. Chacha akamtoa mtoto mikononi mwa mkewe, akamweka mbele ya Wambura kama mtu anayeonyesha bidhaa.

"Mzee," alisema, "taja."

Nimeona Wambura akidonolewa, akiangukiwa na banda, akipata malaria. Sijawahi kumwona amekauka vile. Akisema mtoto ni wa Chacha, Mama Chacha atauliza amejuaje. Akisema si wake, binti wa watu anarudishwa kwao kwa aibu, mahari inadaiwa, na pengine mikuki inatoka. Na akisema hajui, basi amejivua kofia mbele ya Tarime nzima. Alimwangalia mtoto. Mtoto akamshika ndevu.

Mwishowe akasema kwamba yeye hataji, kuku ndio watataja. Akanituma nimlete jogoo mmoja mweusi na tetea mmoja mweusi kutoka banda la chini. Nilielewa mara moja anakwenda wapi. Wale wawili walikuwa mtu na dada yake, mama yao alikuwa kuku mweupe wa Bruda na baba yao jogoo mweusi wa kienyeji. Weupe wa kuku yule ulikuwa wa kunyamaza: watoto wake wote walitoka weusi. Lakini kila mmoja alikuwa ameubeba ndani. Ukiwaweka pamoja, baadhi ya vifaranga wao wangeweza kutoka weupe, ingawa mama mweusi na baba mweusi na hakuna mtu mwingine aliyeingia.

Wambura akamwambia Chacha hivi: wafungie hawa wawili, ufunguo uwe wako. Wakizaa mweupe, utajua kwamba weusi wawili wanaweza kuzaa mweupe bila jirani kuruka ua. Chacha akakubali. Alileta kufuli lake mwenyewe, akavaa ufunguo shingoni, na kila asubuhi akaacha ng'ombe wake akaja kufungua ili niwape maji na pumba. Habari ikaenea. Watu wakawa wanapita kutazama jogoo yule kama wanavyotazama hakimu.

Bruda aliporudi kutoka safari zake na kusikia, hakucheka. Alimwita Wambura kando, nami nilikuwa karibu. Akamweleza kwamba kwa kuku hawa, katika kila vifaranga wanne unategemea mweupe mmoja, lakini kutegemea si kupata. Mayai hayahesabu. Unaweza kuangua seti nzima ya mayai wakatoka weusi watupu, na bado hakuna uongo wowote.

"Wambura," alisema, "kuku hawa wanaweza. Hawajaahidi."

Wambura akajibu kwamba anawafahamu kuku wake. Mimi nilirudi bandani, nikamwangalia yule tetea, nikaona ana uso wa mtu asiyejali jambo la mtu yeyote.

Alipotaga ya kutosha tukamwachia ayaatamie mwenyewe, ili Mama Chacha asije kusema tumeyabadilisha. Siku ya kuanguliwa walikuja wote. Chacha akafungua kufuli. Nikaingiza mkono chini ya kuku, nikatoa wa kwanza, mweusi. Wa pili, mweusi. Nikaendelea kutoa, polepole, kama kwamba kuchelewa kutawabadilisha. Wote weusi. Mayai mengine yalikuwa yameharibika. Wambura akachukua kifaranga mmoja, akamgeuza, akasema kwa sauti ndogo kwamba huyu tumboni ana weupe. Mama Chacha, ambaye alikuwa amefuga kuku kabla Wambura hajapanda baiskeli, akasema kifaranga mweusi tumbo lake ni jeupe siku zote, hata wake wako hivyo.

Nikaanza kueleza maneno ya Bruda, kwamba haya ni mambo ya bahati, tuweke seti ya pili. Hakuna aliyenisikiliza. Chacha alikuwa anamwangalia Wambura, Wambura anaangalia chini, na mama anaangalia barabara ya kurudi nyumbani.

Ndipo Robi aliposema. Tangu siku ya kwanza sikuwa nimesikia sauti yake, na haikuwa kubwa.

"Nimengoja kuku waseme, wamesema. Sasa nasema mimi. Chacha, hukuniuliza hata siku moja. Ulimuuliza Wambura, ukamuuliza na jogoo. Mimi unanijua."

Akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni, akatoka. Hakuelekea nyumbani kwa Chacha. Alishika njia ya Mbalibali, kwa baba yake, safari ya kulala njiani. Chacha alisimama na kufuli mkononi. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa jibu la ndiyo na kwa jibu la hapana, na hili halikuwa mojawapo.

Baada ya siku ile Wambura aliacha kwenda gulioni. Alifagia mabanda yaliyokuwa safi. Kofia akaitundika kwenye msumari. Chacha hakuja tena, na kufuli aliliacha wazi likining'inia mlangoni. Nikamuuliza Bruda tufanye nini, akasema tusibadilishe lolote, tuwaache wawili hao pamoja. Mlango nikaulinda mimi. Tetea akamaliza kulea, akataga tena, akaatamia tena. Sikumwita mtu kutazama. Nilipoingiza mkono chini yake, wa kwanza alikuwa mweusi, na wa pili alikuwa na manyoya ya rangi ya maziwa, na nyuma yake akatoka mwingine kama yeye.

Nilikaa chini kwenye pumba nikacheka peke yangu. Halafu nikakasirika. Nikamwambia yule tetea kwamba angefanya hivi mara ya kwanza angetuokolea miezi mizima ya mateso. Akanidonoa.

Nikawaweka vifaranga wale weupe wawili na ndugu yao mweusi kwenye kikapu, nikaenda kwa Chacha. Nilimkuta uani anakamua, amekonda, na mama yake anapepeta mtama. Nikafunua kikapu. Mama Chacha akainuka, akamchukua mmoja mweupe, akamtazama sana. Akauliza kama ni wa walewale wawili. Nikamwambia ni walewale, na mlango niliulinda mwenyewe. Akakaa. Kisha akasema, kama mtu anayezungumza usingizini, kwamba mama yake yeye alikuwa mweupe hivi, watu walikuwa wakimtania kwamba aliokotwa. Chacha akamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizi. Akajibu kwamba hakuna aliyemuuliza. Nikamtazama yule mama. Miezi yote amekaa na mama yake kichwani asimtoe.

Chacha akasimama, uso umemfunguka, akanishukuru, akasema kwa hiyo kuku wamethibitisha mtoto ni wake. Hapo nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kumwacha aamini hivyo, na mambo yangekuwa mepesi. Lakini nilikuwa nimeona majibu ya kupendeza yanavyozaa balaa.

"Hapana, mura," nilimwambia, maana ndivyo Wakurya tunavyomwita kijana wa kiume. "Kifaranga huyu hakuambii mtoto ni wako. Anakuambia anaweza kuwa wako, basi. Zaidi ya hapo kamuulize mkeo, na akikujibu, amini."

Akanirudishia kikapu. Alisema vifaranga hatawahitaji. Kesho yake alikwenda Mbalibali bila kuku, bila ng'ombe, bila mzee wa kumsemea.

Yaliyotokea kwa baba mkwe wake sikuyaona, nayasimulia kama nilivyoyasikia kwa Robi mwenyewe baadaye. Alisema Chacha alifika akasimama nje ya ua, na alipoulizwa na baba mkwe amefuata nini, alijibu amefuata kuuliza swali alilopaswa kuuliza tangu mwanzo. Robi alimwacha alime shamba la baba yake kwanza. Swali alimruhusu kuliuliza baada ya mavuno. Jibu lake hakuniambia, akasema lilikuwa la watu wawili.

Walirudi siku ya gulio, watu wamejaa, wimbi na mtama vimemwagwa kila mahali. Wambura alikuwa amerudi kunadi, nikiwa pembeni yake na matenga. Kwanza nilimwona Robi. Alitembea mbele, mikono mitupu, hana mzigo kichwani wala mtoto mgongoni, kama mke wa chifu. Nyuma yake akaja Chacha, na mtoto amefungwa kwa kanga mgongoni mwa Chacha, kichwa chekundu kimechomoza juu ya bega.

Nyie mnaona wanaume wakibeba watoto siku hizi mnapita tu. Wakati ule, mwanamume wa Kikurya mwenye ng'ombe, katikati ya gulio, na mtoto mgongoni! Wanawake waliacha kupima unga. Vijana waliokuwa wamekaa juu ya magunia wakaanza kupiga mbinja. Mmoja wao, mwenye mdomo, akamuuliza kwa sauti ya gulio zima amebeba mtoto wa nani.

Chacha hakusimama.

"Wangu," alisema. "Sogea nipite."

Wakasogea pembeni akapita. Alipofika usawa wetu tuliona mgongo wake umelowa, mtoto amekojoa, na maji yanamchuruzika mpaka kwenye kisigino. Robi aligeuka, akaona, akanyoosha mikono ampokee. Chacha akatikisa kichwa, akamrekebisha mtoto akae juu zaidi, wakaendelea na njia yao.